Upepo mgongoni: jinsi ya kumpiga picha fulma kwenye bahari iliyochafuka

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nimekulia Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tatu Aberdeen, Scotland. Septemba iliyopita nilipanda meli ya usiku kwenda Lerwick, visiwa vya Shetland, nikiwa na kamera mpya na lenzi ya 100–400. Bahari ilichafuka tangu tunatoka bandarini. Nilipiga picha zaidi ya 900, zilizobaki ni 4, na hata hizo ndege ni doa jeupe kwenye kijivu. Nusu ya safari nilikuwa natapika. Narudi mwishoni mwa Mei. Je, nisubiri siku bahari imetulia? Ninunue lenzi ya 600? Au hawa ndege wa kaskazini si wa mtu kama mimi?

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la kusubiri, maana ndilo lililobeba mengine yote: usisubiri bahari itulie. Ulivyoumia ile safari nakuelewa, na kwenye kutapika nitafika. Lakini siku Bahari ya Kaskazini imelala kama maji ya mtungini, utatoka sitahani umkute fulma, yule ndege wa kijivu na mweupe wa bahari za kaskazini, ameketi juu ya maji kama bata wa nyumbani. Haruki. Akiruka anapiga mabawa kwa shida, anatua tena mita hamsini mbele. Ukimwona hivyo tu utadhani ni shakwe mnene wa kijivu, na utashangaa watu wanamsifia nini.

Ngoja upepo uamke. Fulma ana mabawa yenye upana wa mita moja na kidogo kutoka ncha hadi ncha, membamba, yaliyonyooka kama rula. Kuyapigapiga kunamchosha. Anachokitafuta ni tofauti ya upepo. Karibu na maji upepo unasuguana na mawimbi na kupoteza kasi. Mita kadhaa juu yake unavuma kwa nguvu zake zote. Fulma anajua kuishi katikati ya hizo kasi mbili. Anashuka hadi kwenye bonde la wimbi, ncha ya bawa ikikaribia kuchora mstari majini, halafu anageuka kuukabili upepo na kupanda. Kila anavyopanda anakutana na upepo mkali zaidi, unamnyanyua kama tiara. Akifika juu anageuka, anaupa mgongo, anateremka na kasi yote aliyoichuma, na mchezo unaanza upya. Nimewahi kumfuata mmoja kwa macho kwa dakika nzima bila kumwona akipiga bawa hata mara moja. Wazee wetu waliopiga bisha na jahazi kuukabili kusi wangemwelewa kuliko tunavyomwelewa sisi wenye injini.

Kwa hiyo kile kilichokutapisha ndicho kilichokuwa kinamrusha ndege wako. Hali ninayoipenda mimi ni upepo wa namba 5 au 6 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani takriban kilomita 30 hadi 50 kwa saa. Mawimbi yanakuwa na vichwa vyeupe, fulma anachangamka, na binadamu bado anaweza kusimama. Namba 8 na kuendelea ni dhoruba. Hapo kaa ndani, na mabaharia wakifunga mlango wa sitaha usibishane nao. Siku mbili kabla ya safari sikiliza utabiri wa vyombo vya baharini unaosomwa kwenye redio ya BBC. Maeneo yanayokuhusu ni Forties, Cromarty na Fair Isle, na kubwa la kusikiliza humo ni upepo utatoka upande gani.

Maana kanuni niliyoipata baada ya miaka mingi ya vidole kufa ganzi ni hii: upepo mgongoni, jua mgongoni. Ndege wa baharini akipunguza mwendo, akitaka kuelea au kutua, anaukabili upepo. Ukisimama upepo ukikupiga kisogoni, uso wake unakuja kwako. Ukisimama wewe ndiye uliyeukabili, utapiga mikia siku nzima. Angalia tena zile 900 kabla hujazifuta zote. Nina hakika nyingi ni mikia.

Sasa tuihesabu kanuni hiyo kwenye meli yako. Ile inayokwenda moja kwa moja inaondoka Aberdeen saa moja jioni na kuingia Lerwick saa moja na nusu asubuhi; siku nyingine inatoka mapema zaidi ili ipitie Kirkwall, Orkney. Mwishoni mwa Mei, kule juu kwenye latitudo ya 60, jua halizami mpaka karibu saa nne usiku. Una saa mbili au tatu za mwanga laini, wa dhahabu kama anga iko wazi. Meli inaelekea kaskazini. Jua la jioni liko magharibi na kaskazini kidogo, yaani kushoto kwako ukitazama omo. Upepo wa kawaida wa bahari ile unatoka magharibi au kusini-magharibi, kushoto hukohuko. Basi nenda upande wa kulia, sogea nyuma kuelekea tezi, simama mahali ambapo jengo la meli linakukinga. Jua nyuma yako, upepo nyuma yako. Ni upande wa demani, kama wanavyosema mabaharia wa kwetu, na ndiko ndege anayeifuata meli atakapokukabili uso kwa uso.

Upepo ukigeuka, na wewe geuka. Watu wengi wanachagua nafasi yao sitahani kama wanavyochagua kiti cha basi, wakishakaa wamekaa. Mpiga picha wa ndege wa baharini hana kiti.

Hata hivyo, upande wa goshini, ule upepo unakotokea, usiutupe kabisa. Upepo ukigonga ubavu wa meli hauna pa kwenda ila juu, na fulma wanaujua mkondo huo. Wanakuja kuning'inia ndani yake, usawa wa sitaha, mabawa yametulia tuli, wakati mwingine mita tano tu kutoka ulipo. Nenda huko dakika kumi, lowana kidogo, halafu rudi kwenye kinga.

Na akifika hapo mita tano, tafadhali kwanza shusha kamera umtazame. Juu ya mdomo wake kuna mrija, kama mtutu mfupi, na matundu ya pua yanafungukia humo. Mdomo wenyewe haukuchongwa kwa kipande kimoja. Umeungwa kwa vibamba, kila kimoja na rangi yake, manjano hapa, kijivu cha samawati pale, na mishono inaonekana. Jicho ni jeusi, na mbele yake kuna kivuli kinachompa sura ya mtu anayefikiri. Subiri kidogo utaona tone la maji linatiririka kwenye mdomo na kuning'inia nchani. Ni chumvi hiyo. Fulma anakunywa maji ya bahari, na tezi zilizo juu ya macho yake zinachuja chumvi na kuitoa kwa njia ya pua. Picha ninayoithamini kuliko zote nilizonazo ni ya tone hilo likiwa limeng'oka tu kutoka kwenye mdomo, upepo umelivuta likawa refu kama uzi. Niliipata upande wa goshini, nikiwa nimelowa hadi soksi.

Huyo ndege anayekutazama anaweza kuwa mkubwa kuliko wewe kwa umri. Fulma hazai haraka; wengi hufika miaka tisa hivi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na kwa mwaka jike hutaga yai moja tu. Wapo walioishi zaidi ya miaka 40. Mwanasayansi George Dunnet alipigwa picha mwaka 1951 kwenye kisiwa cha Eynhallow, Orkney, akiwa kijana amemshika fulma aliyevishwa pete mguuni. Mwaka 1986 akapigwa picha tena kisiwani hapohapo na ndege yuleyule. Mtu amezeeka kabisa. Ndege ni kama wa jana.

Turudi kwenye madoa yako meupe. Kosa hilo si la macho yako, ni la kamera kupima mwanga. Kamera ikiona fremu iliyojaa maji meusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na manyoya meupe ya ndege yanaungua, hayana mstari wala kivuli. Ndege mweupe akipita mbele ya bahari nyeusi, punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (stop) kwenye gurudumu la kamera, hata hatua nzima. Ndege huyohuyo akipanda juu ya upeo akawa mbele ya anga la kijivu, mambo yanapinduka: ongeza hatua moja, la sivyo atakuwa kivuli. Kidole gumba kijifunze kuzungusha gurudumu hilo bila jicho kuondoka kwenye kitazamio. Ukishindwa kubadilisha harakaharaka, weka mwanga kwa mkono ukipima weupe wa ndege, uache hivyohivyo mpaka wingu libadilike. Piga faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake. Kwenye faili ghafi kuna manyoya ambayo JPEG imeshayatupa.

Kasi ya shata kwa fulma anayeteleza ni 1/2000 ya sekunde. Usishuke chini ya hapo kwenye meli inayoyumba, kwa sababu unazuia mitikisiko mitatu: wa ndege, wa meli na wako. Tundu la lenzi liwe f/6.3 hadi f/8. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iachie kamera ichague yenyewe, ukiiwekea kikomo cha 6400. Najua vitabu vinakuonya juu ya chembechembe. Picha yenye chembechembe inasafishika, iliyotikisika haisafishiki.

Fokasi ndiyo inayowaliza wengi. Fulma anapozama kwenye bonde la wimbi, kamera inamwacha na kushika povu lililo mbele yake. Anza kumfuata akiwa bado juu ya upeo, kamera ikishamshika endelea naye taratibu hadi chini, na kwenye mipangilio iamuru isikimbilie kitu kipya kinachopita katikati. Jicho lako la pili liache wazi. Hilo ndilo litakaloona wimbi linalokuja na ndege mwingine anayeingia kutoka pembeni.

Na meli yenyewe ina sekunde zake za utulivu. Ikipanda wimbi inafika juu kabisa, inasita kidogo, ndipo inashuka. Hapo kwenye kusita ndipo pa kubonyeza. Magoti yalegeze, miguu ipanue, kiwiliwili usikiegemeze kwenye chuma cha ukingo, kwa sababu mtetemo wa injini unapita humo hadi kwenye lenzi. Ukiacha kupiga, mkono mmoja urudi kwenye chuma mara moja. Kamba ya kamera iwe imepita shingoni na chini ya kwapa, si begani.

Kuhusu kutapika: unajua zaidi yangu, wewe ni muuguzi, lakini nitasema la baharini. Dawa humezwa kabla ya kupanda, siyo baada ya tumbo kugeuka. Kula kitu kikavu na chepesi. Mimi hubeba mkate wa kuoka na chupa ya chai ya tangawizi. Muhimu zaidi, kitazamio cha kamera ni adui. Jicho linaona duara dogo linaloruka huku na huku, sikio la ndani linasema mwili unapanda na kushuka, na ubongo unachanganyikiwa. Kila baada ya dakika mbili au tatu shusha kamera, tazama mstari wa upeo wa macho, vuta pumzi mara kumi. Kuangalia picha kwenye kioo cha nyuma ukiwa bado sitahani ndiko kunakomaliza watu. Utaziona Lerwick.

Kuna jambo moja watu wa pwani tunalijua kinyume chake. Kwetu ukitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, lenzi inapata ukungu papo hapo. Kaskazini ukungu unatokea unaporudi ndani. Kamera imekaa saa mbili kwenye baridi, unaingia kwenye mgahawa wa meli wenye joto na mvuke wa chai, na mvuke unageuka matone ya maji juu ya vioo, hata ndani ya lenzi. Ukiwa bado nje itie kamera kwenye mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, kisha ingia nao, usiufungue mpaka kamera imepata joto la chumba. Kadi ya kumbukumbu itoe kabla ya kufunga mfuko, la sivyo utashindwa kuvumilia. Mimi nilishindwa, na lenzi yangu ya kwanza ilipata ukungu wa ndani uliogeuka kuwa kuvu.

Chumvi nayo: usiifute ikiwa kavu. Punje za chumvi ni kama msasa. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana ndicho kinaanza, kikavu kinafuata. Fanya hivyo usiku huohuo kabla ya kulala, hata kama unasinzia.

Haya, umefika Lerwick. Kutoka pale kuna boti ndogo zinazozunguka kisiwa cha Bressay kwenda Noss, ambako mwamba unasimama mita 181 kutoka majini. Hapa ndipo utakutana na ganeti, ndugu wa karibu wa membe tunaowaona kwenye bahari yetu, ila huyu ni mkubwa zaidi, mabawa yanakaribia mita mbili, mweupe, ncha nyeusi, kichwa kama kimepakwa manjano ya bizari. Harufu itakupata kabla ya ukuta wenyewe hujauona, kisha sauti, mkoromo mzito wa maelfu ya ndege kwa pamoja. Mvua na upepo vimekula mawe ya mchanga ya Noss yakabaki vishubaka juu ya vishubaka, na kila kishubaka kina wenyewe.

Ganeti anapiga mbizi kutoka juu, wakati mwingine mita 30, na anaingia majini kwa kasi inayoweza kufika kilomita 100 hivi kwa saa. Hana matundu ya pua ya nje, na chini ya ngozi ya uso na kifua ana mifuko ya hewa inayopokea kishindo. Ukisubiri kumwona anaanguka ndipo ubonyeze, umechelewa. Soma dalili. Anaruka kwa mstari, kichwa kimenyooka. Ghafla kichwa kinainama na kutazama moja kwa moja chini, mabawa yanasita, kiwiliwili kinapinduka upande mmoja. Bonyeza hapohapo, kwa mfululizo, kwa 1/3200, na umfuate hadi chini. Mita za mwisho anayavuta mabawa nyuma kabisa, anakuwa mkuki. Nusu sekunde ya mwisho huwa naipata mara moja katika majaribio ishirini. Na mmoja akizama usimwangalie tena, tazama juu: wenzake wanafuata, kwa sababu wameona samaki wako wapi.

Ukimpata ganeti karibu, likuze jicho lake kwenye kompyuta. Kwa kawaida mboni imezungukwa na rangi ya samawati hafifu sana, karibu nyeupe. Ukiona jicho jeusi tii, usidhani ni kivuli. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege iliingia kwenye makoloni ya ganeti, ikiwemo Bass Rock, kule kusini kwako karibu na Edinburgh, mwamba uliokuwa na jozi zaidi ya 75,000 kwenye hesabu ya mwaka 2014, koloni kubwa kuliko yote duniani ya ndege hawa. Walikufa kwa maelfu. Baadaye watafiti wakaona ndege wazima wenye macho meusi, na damu ilipopimwa wengi wao walikuwa wameugua na kupona. Nimesimama mbele ya ukuta ule baada ya vifo hivyo nikiwa na kamera mkononi na nikashindwa kuinua. Nilipoinua hatimaye, wa kwanza kuingia kwenye fremu alikuwa na jicho jeusi, na alikuwa amebeba mwani wa kujengea kiota.

Skua mkubwa, ambaye Washetland wanamwita bonksi, ameumia zaidi. Kwenye maeneo yaliyohesabiwa tena Uingereza, robo tatu yao wametoweka tangu homa hiyo iingie. Huyu ndiye haramia wa bahari ile: anamkamata ganeti kwa bawa au mkia angani mpaka atapike samaki aliyemeza. Ukikutana na kiota chake nyikani atakuja kichwani kwako moja kwa moja. Inua fimbo ya kamera juu ya kichwa, rudi ulikotoka, na uache kupiga picha. Waliobaki ni wachache mno kwa mtu kuwafukuza kwenye mayai yao kwa ajili ya picha. Na ndege aliyekufa ufukweni usimguse.

Pafini nitawapitia haraka, kwa sababu utawapata tu. Nenda Sumburgh Head, kusini kabisa, penye mnara wa taa uliojengwa na Robert Stevenson mwaka 1821. Jioni wanatoka kwenye mashimo yao na kusimama nyuma ya ukuta wa mawe, karibu kiasi kwamba lenzi ya 400 inakuwa ndefu mno. Kila mtu anapiga uso ule wenye mdomo wa rangi. Nakuomba upige pia miguu yake ya machungwa ikipapasa hewa wakati anatua. Pale nakumbuka pia Januari 5 mwaka 1993, meli ya mafuta Braer ilipopanda miamba kilomita chache magharibi ya hapo, ikamwaga tani 85,000 hivi za mafuta. Dhoruba iliyoiangusha haikukoma kwa siku nyingi, na mawimbi yaleyale yakayapasua mafuta na kuyatawanya, kwa kuwa yalikuwa mepesi. Ndege walikufa, lakini wangekufa wengi zaidi bahari ingekuwa shwari.

Ukipata usiku mmoja wa ziada, kuna boti inayokwenda kisiwa cha Mousa karibu na saa sita usiku, wakati petreli wa dhoruba wanarudi kwenye viota vilivyo ndani ya kuta za mnara wa mawe wa zama za chuma, wenye kimo cha mita 13. Ndege mwenye uzito wa gramu 25 anayelala katikati ya bahari! Huko kamera iache mfukoni. Ni giza, na taa zinawasumbua. Weka sikio kwenye mawe usikilize mkwaruzo wao.

Lenzi ya 600 usinunue. Kwenye sitaha inayoyumba itakuwa bendera, upepo utaishika na wewe utamtafuta ndege kwenye tundu la sindano. Picha zangu nyingi za fulma ziko kati ya 200 na 300, ndege akichukua robo ya fremu na bahari ikichukua iliyobaki. Fulma bila wimbi lake ni ndege wa kijivu. Hiyo fedha nunua koti la mvua la wavuvi, glavu zinazoacha ncha za vidole viwili, na betri mbili za ziada uziweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi inazimaliza.

Sasa lile neno lako la mwisho, kwamba pengine hawa si wa mtu kama wewe. Limeniuma, ndiyo maana nimeliacha nyuma. Umekulia Tanga. Umewaona wavuvi wakitafuta jodari: macho hayako majini, yako kwa buabua. Buabua wakitapakaa, chombo kinaendelea; wakikusanyika na kuinama, tanga linageuzwa. Hiyo ndiyo elimu niliyokueleza hapa kwa kurasa zote hizi, kusoma upepo, kusoma kichwa kinachoinama, kujua mmoja akizama wengine wanafuata. Mimi niliipata Shela, Lamu, kwenye mashua ya marehemu baba yangu, kabla sijajua kamera ni nini. Na ndege wenyewe hawaujui mpaka unaouwaza. Shakwe wa mgongo mweusi wanaozaa Finland hushuka hadi Ziwa Viktoria wakati kwao kumeganda. Falaropu wa shingo nyekundu wa Skandinavia wanakaa miezi ya baridi kwenye Bahari ya Arabu, mbele ya pwani ya Omani. Buabua mmoja wa Aktiki aliyefungwa kifaa kwenye visiwa vya Farne, Uingereza, alikwenda hadi Antaktika na kurudi, kilomita 96,000 hivi, na safari yake ilimwingiza Bahari ya Hindi. Bahari yenu naye anaijua.

Asubuhi ya kufika weka kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Jua litakuwa limeshatoka, mashariki na kaskazini kidogo, yaani kulia kwa meli. Kwa hiyo safari hii nenda kushoto. Sumburgh Head itapita upande huo, halafu Mousa, jua likiwa nyuma yako, na fulma wa majabali yale watakuja kuipokea meli. Kama upepo umegeuka usiku ukawa wa mashariki, nao utakuwa mgongoni. Weka 1/2000, punguza mwanga theluthi mbili, lenzi iwe 200. Yule wa kwanza mwache apite bila kumpiga, umwangalie tu anavyogeuka. Picha ya wa pili nitumie.